Kidhibiti cha Mchezo Kinachofuata Mkono

Chombo cha nyumbani huanza kuchakaa pale kinaposhikwa. Jembe hutangulia kuvunjika mpini, mlango hulegea kitasa, na sufuria hung'oka mkono hali tako lake lingali zima. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine za michezo ya televisheni zilizotengenezwa Japani na Marekani tangu mwaka 1977 hadi miaka ya 1990. Mashine yenyewe, yaani lile sanduku linalopokea kaseti ya mchezo, mara nyingi ingali ikifanya kazi baada ya miaka 30 au 40. Lakini kile kidhibiti kinachoshikwa mkononi, ambacho vijana hukiita padi, mpira wake wa ndani umekwisha kulika, na vitufe vyake vikibonyezwa haviitiki.

Kutokana na upungufu huo imezuka kazi ya mikono ambayo hivi sasa ina mafundi wengi Japani, Marekani na Ulaya. Wapenzi wa mashine hizo za kale hujijengea vidhibiti vyao wenyewe: sanduku la mbao, wenzo mmoja wa kusukuma pande zote, na vitufe vikubwa mfano wa vile vya kumbi za michezo ya sarafu. Mtu anayeitazama kazi hiyo kwa mbali huidhani ni mchezo juu ya mchezo. Walakini inayo faida moja ambayo yafaa ijulikane katika nyumba za askari kuliko nyumba nyingine zozote. Kidhibiti kinachojengwa kwa mkono huweza kujengwa kwa ajili ya mkono fulani. Hata mkono uliopoteza vidole, na hata kwa ajili ya mtu ambaye mkono huo hanao tena.

Kutoka ukumbini hadi sebuleni

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, na mwaka 1980 kampuni ya Namco ikaleta Pac-Man. Michezo hiyo ilichezwa kwenye makabati yaliyowekwa katika kumbi, vilabu na maduka, na mchezaji alitumbukiza sarafu ndipo akapata zamu yake. Waundaji wa makabati hayo walijua wazi kwamba chombo chao kingepigwa makonde na watu wasiojulikana, mchana na usiku, wala asingekuwapo hata mmoja wa kukionea huruma. Kwa hiyo walitia wenzo wa chuma, springi imara, na swichi zilizokusudiwa kubonyezwa mara nyingi zisizo na hesabu.

Sebuleni hali ilikuwa nyingine. Atari ilipouza mashine yake ya VCS mwaka 1977, iliambatanisha nayo kijiti kifupi chenye kitufe kimoja tu chekundu. Nintendo ikapita njia yake. Mhandisi wake Gunpei Yokoi alikuwa amebuni msalaba mdogo wa kubonyezwa kwa kidole gumba, kwa ajili ya mchezo wa mfukoni wa Donkey Kong wa mwaka 1982, na msalaba huo ukatiwa katika vidhibiti vya mashine ya Famicom iliyotoka mwaka 1983. Tangu hapo karibu kila padi duniani imekuwa mtoto au mjukuu wa msalaba wa Yokoi.

Msalaba huo ni kazi ya akili nyingi, wala hapana sababu ya kuubeza. Lakini umesimama juu ya dhana moja ambayo hakuna aliyeona haja ya kuisema: kwamba mchezaji anayo mikono miwili mizima, na vidole gumba viwili vyenye nguvu na utulivu. Asiye navyo alibaki mtazamaji.

Hata wenye mikono mizima waliona ugumu siku nyingine. Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter II katika kumbi, mchezo wa ngumi na mateke wenye vitufe sita mbali na wenzo. Ulipoingizwa katika mashine ya Super Nintendo mwaka 1992, vitufe viwili ilibidi vihamie mabegani mwa padi. Padi ya kwanza ya Sega Mega Drive ilikuwa na vitufe vitatu vya kupigania tu, na ile ya vitufe sita ilikuja kuuzwa mwaka 1993. Si ajabu basi kwamba kampuni zenyewe ziliuza vidhibiti vya wenzo. Nintendo ilikuwa na NES Advantage tangu mwaka 1987, na mashine ya Neo Geo ya kampuni ya SNK, ya mwaka 1990, ilikuja na kidhibiti kikubwa chenye wenzo na vitufe vinne kana kwamba kimekatwa kutoka kabati la ukumbini. Vitu hivyo leo huuzwa kwa bei ya vitu vya kale, jambo ambalo limewasukuma mafundi zaidi kushika msumeno.

Yaliyomo ndani

Anayekifungua kidhibiti cha wenzo kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi kilivyo kitupu. Chini ya wenzo mna swichi ndogo nne, moja kila upande. Wenzo wenyewe ni fito ya chuma iliyopita katika egemeo, nayo hurudishwa wima na springi. Ukisukumwa, ncha yake ya chini huibana swichi. Ukisukumwa kwa pembe, swichi mbili hubanwa kwa pamoja, ndiyo sababu swichi nne hutoa pande nane. Kitufe nacho ni swichi moja iliyovikwa kofia. Hamna kingine. Kila swichi ni nyaya mbili zinazogusana mtu anapobonyeza na kuachana anapoondoa kidole, sawa na swichi ya taa iliyoko ukutani.

Hapo pana mtego unaowanasa wengi. Fito ikisukumwa mbele, ncha yake ya chini huenda nyuma. Basi swichi iliyo upande wa nyuma ndiyo ya kwenda juu, na iliyo upande wa kulia ndiyo ya kwenda kushoto. Fundi asiyelizingatia hilo hulehemu nyaya zake kwa unadhifu wote, akafunga sanduku, akawasha mashine, kisha akamwona mtu wake kiooni akikimbilia kinyume.

Chini kabisa ya wenzo hufungwa bamba lenye tundu, ambalo mafundi huliita lango. Tundu la mraba huonyesha pembe zilipo, na la pembe nane huusaidia mkono kuhisi kila upande. Pac-Man hutaka pande nne tu, kwa kuwa njia zake hazina pembe za mshazari. Mtu akiucheza kwa wenzo wa pande nane husitasita kwenye kona mpaka akakamatwa. Katika nyenzo nyingine bamba hilo huweza kufunguliwa na kugeuzwa ili zibaki pande nne.

Vipuri vyenyewe vina koo mbili. Ule wa Japani, wa kampuni kama Sanwa na Seimitsu, una wenzo wenye tufe juu lenye kipenyo cha milimita 35, na vitufe vya milimita 30 au 24 vinavyoitika kwa kuguswa kidogo tu. Ule wa Marekani, unaojulikana zaidi kwa jina la Happ, una mshikio mrefu mfano wa rungu dogo, na vitufe vyenye kubonyea katikati ambavyo hutaka kubonyezwa kwa nia. Mabishano baina ya wafuasi wa koo hizi mbili hayana mwisho, lakini kwa mwenye misuli dhaifu wa Japani hufaa zaidi, na kwa mwenye mkono unaotetemeka wa Marekani hufaa zaidi, kwa sababu hauitiki kwa mguso usiokusudiwa.

Lugha ya kila mashine

Swichi ni zilezile, ila kila mashine ina namna yake ya kuziuliza. Atari ndiyo nyepesi kuliko zote. Plagi yake ina pini tisa. Pini ya 1 ni juu, ya 2 ni chini, ya 3 ni kushoto, ya 4 ni kulia, ya 6 ni kitufe, na ya 8 ni ardhi. Swichi inapounganisha pini yake na ardhi, mashine hujua. Swichi tano na nyaya sita zatosha, na kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 hutumia mpango huohuo. Anayeanza kazi hii hana budi kuanzia hapo.

Nintendo hutumia nyaya tano tu ingawa padi yake ina vitufe vinane ukihesabu pande nne za msalaba. Huwezekanaje? Jambo hili askari atalielewa upesi kuliko raia. Ndani ya padi mna chipu iitwayo 4021, na kazi yake ni ya sajini mbele ya watu wanane waliofungwa mstari. Mashine hutuma ishara ya kwanza, na kila mmoja husimama kama alivyo: aliyebonyezwa na asiyebonyezwa. Kisha mashine hupiga mdundo baada ya mdundo, na kwa kila mdundo mmoja hujibu, kwa utaratibu usiobadilika: kitufe cha A, kitufe cha B, cha kuchagulia, cha kuanzia, juu, chini, kushoto, kulia. Waya mmoja huleta ishara ya kusimama, mmoja huleta mdundo, mmoja huchukua majibu, na miwili iliyobaki ni ya umeme wa volti 5 na ardhi. Mkaguo huu hufanyika takriban mara 60 kila sekunde katika mashine za Japani na Marekani. Super Nintendo ina chipu mbili za namna hiyo na midundo 16, ambayo 12 kati yake ndiyo ya vitufe.

Mega Drive ni mdanganyifu kidogo. Plagi yake inafanana na ya Atari kwa umbo, lakini ndani ya padi mna chipu ya kuchagua, ambayo hupeleka kundi moja la vitufe, kisha kundi la pili, kwa amri ya mashine. Tena umeme wa volti 5 hupita pini ya 5, ilhali katika Atari hupita pini ya 7. Kufanana kwa plagi si ushahidi wa udugu.

Onyo hilo linawahusu hasa wakazi wa Afrika, maana mashine nyingi zilizofika katika masoko yetu kuanzia miaka ya 1990 zilikuwa za kuigiza, zilizotengenezwa Asia kwa mfano wa Famicom. Nyingi zilikuwa na plagi ya pini tisa, umbo la Atari, huku zikisema lugha ya Nintendo. Kwa hiyo mchoro usiaminiwe kabla ya padi ya zamani kufunguliwa na kila waya kufuatwa kwa mita ya umeme kutoka plagi hadi bamba la saketi. Ikumbukwe pia kwamba pini zikitazamwa kwa nyuma ya plagi, pale panapolehemiwa, namba zake hugeuka kama maandishi kwenye kioo.

Fundi anaweza kununua chipu mpya na kujenga kila kitu upya. Njia rahisi, na ya busara zaidi kwa wengi, ni kuchukua padi iliyokufa mpira lakini bamba lake la saketi bado zima, na kulehemu nyaya za swichi kwenye njia zake za shaba. Kuvunja padi nzima inayofanya kazi kwa ajili hiyo ni uharibifu, na wapo wanaofanya hivyo. Siku hizi pia kuna vibao vidogo vya kompyuta vinavyofundishwa lugha ya mashine yoyote, na bei yake si kubwa. Ila hutaka mtu ajue kuandika programu au apate wa kumwandikia.

Kazi ya mbao

Kabla ya msumeno kuna karatasi ngumu. Mchezaji huketi pale atakapochezea, kiti kilekile na meza ileile au mapajani, akaweka mikono juu ya karatasi huku amefumba macho. Mwingine huchora mahali vidole vilipoangukia. Mchoro huo una thamani kuliko vipimo vyote vya kiwandani, kwa sababu vidole vya binadamu havikupangwa mstari mmoja. Cha kati hutangulia na kile kidogo hubaki nyuma. Kwa desturi wenzo huwa kushoto na vitufe kulia, na viganja hupewa nafasi ya kupumzika juu ya mbao.

Sanduku la plaiwudi ya milimita 12 hadi 18 ni imara vya kutosha. Pale wenzo unapokaa, mbao huchongwa kwa chini kwa patasi hadi ibaki nyembamba, la sivyo fito itatokeza juu kidogo mno. Matundu ya vitufe hutobolewa nusu kwa juu na nusu kwa chini, ili mbao isichanike ukingoni. Baada ya msasa hupakwa rangi au vanishi, na chini hugundishwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, maana sanduku linaloteleza mezani humharibia mchezaji kuliko swichi mbovu. Uzito haudhuru. Sanduku jepesi hurukaruka.

Katika nyaya, mguu mmoja wa kila swichi huunganishwa na waya mmoja wa ardhi unaozunguka kutoka swichi hadi swichi. Mguu wa pili huwa na waya wake peke yake. Rangi mbalimbali za waya ni akiba ya wakati, na asiyekuwa nazo afunge vipande vya karatasi vyenye majina. Kabla plagi haijachomekwa, kila swichi ipimwe kwa mita, kisha ipimwe kwamba waya wa volti 5 haugusani popote na ardhi. Umeme huo haumdhuru binadamu, lakini ukikutana na ardhi huweza kuiua mashine ambayo haina mbadala wake dukani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Risasi ya kulehemu ya kawaida ina madini ya risasi ndani yake, na moshi wa dawa inayochanganywa nayo huwasha kifua. Kazi ifanyike penye dirisha wazi, si juu ya meza ya chakula, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote kiendacho kinywani. Mtoto wa miaka 10 anaweza kupima swichi na kupiga msasa. Chuma cha kulehemu kibaki mkononi mwa mkubwa.

Jambo moja dogo lisemwe kabla fundi hajalaumiwa. Televisheni nyingi bapa za siku hizi huchelewesha picha kidogo kwa kuwa huichakata kwanza, na mashine za zamani zilitengenezwa kwa televisheni za chupa zisizokuwa na ucheleweshaji huo. Mchezaji akihisi kwamba kitufe chake kinachelewa, aangalie kwanza kama televisheni ina hali maalumu ya michezo, aiweke, ndipo afungue sanduku.

Mkono ambao haupo

Mwaka 1989 Nintendo iliuza Marekani kidhibiti kisichotumia mikono hata kidogo. Kilivaliwa kifuani kama fulana. Mchezaji alisogeza wenzo kwa kidevu, na kwa mrija mdomoni alivuta pumzi kwa kitufe kimoja na kupuliza kwa kitufe cha pili. Hakikupangwa madukani bali kiliagizwa kwa kampuni yenyewe, na watu wachache walijua kama kipo. Walakini kilithibitisha jambo lililokuwa wazi kwa kila aliyewahi kufungua padi: mashine haijui ni kiungo gani kilichobana swichi. Kidole, kiwiko, goti na kidevu vyote kwake ni nyaya mbili zilizogusana.

Wazo hilo lilirudi kwa nguvu baada ya vita vya Iraki na Afghanistani, ambako askari wengi walinusurika na majeraha ambayo zamani yangewaua, wakarudi nyumbani bila mkono, bila miguu, au na vidole visivyotii. Mwaka 2012 mhandisi wa Marekani aitwaye Ken Jones alianzisha shirika la kujitolea liitwalo Warfighter Engaged, la kuwajengea wanajeshi hao vidhibiti vya michezo, kila kimoja kwa kipimo cha mwenyewe, bila malipo. Mwaka 2014 picha ya kimojawapo cha vidhibiti hivyo ilionwa na mhandisi wa kampuni ya Microsoft, na mazungumzo yaliyofuata yalichangia kuzaliwa kwa kidhibiti maalumu kwa walemavu ambacho kampuni hiyo ilianza kukiuza mwaka 2018. Nyuma ya kidhibiti hicho mna matundu 19 ya plagi ndogo za milimita 3.5, za aina ileile ya visikizio vya redio, na mengi kati yake ni ya kupokea swichi moja moja. Kampuni kubwa iliyazunguka yote ikarejea kwenye waya mbili.

Kinachofanywa na kampuni hizo kwa mashine mpya, fundi wa kawaida anaweza kukifanya kwa mashine ya zamani, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa vitufe ni vichache. Mwanajeshi aliyepoteza mkono wa kushoto huwekewa wenzo upande wa kulia, na vitufe viwili vya mchezo vikashushwa sakafuni kuwa vya mguu. Aliyebaki na kidole gumba na kimoja zaidi hufaidi mshikio mrefu wenye springi laini, au tufe kubwa la mbao lililochongwa livae ndani ya kiganja. Wapo wanaotumia vitufe vya kuba vya milimita 100, ambavyo hubonyezwa kwa kiwiko au kwa ngumi iliyokunjwa. Yote hayo hayabadilishi waya hata mmoja katika plagi. Urefu wa waya na mahali pa tundu ndivyo hubadilika.

Katika kazi ya namna hii fundi hutakiwa kunyamaza kwa muda na kusikiliza. Mwenye jeraha ndiye ajuaye ni mwendo upi unamuuma na ni upi humchosha baada ya dakika 10, na mara nyingine hutaka kutumia upande ule mbovu kwa makusudi, ili usisahau kazi. Kwa hilo daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo aulizwe kwanza, maana kiungo kinachopona huweza kudhuriwa kwa kurudiarudia mwendo mmoja. Kidhibiti si dawa, wala asitokee wa kukiuza kwa jina hilo.

Lakini katika nyumba ambamo baba amerudi kutoka hospitali, na watoto wamefundishwa kutomsumbua, swali la nani atashinda mchezo si dogo. Watoto wa umri wa miaka 8 au 9 hawana adabu ya kupendelea. Wakipewa mpinzani anayeweza kuwapiga, hucheza kumshinda, na wakishindwa hulalamika kwa sauti. Mke anayesikia kelele hizo toka jikoni, baada ya miezi ya ukimya, hahitaji kuelezwa thamani ya swichi nne na kitufe kimoja. Na baba anayeombwa zamu nyingine kwa ubishi, si kwa huruma, naye anajua tofauti iliyopo.

Bei ya vipuri vilivyo bora si ya kila mshahara, na kuagiza toka ng'ambo huongeza gharama na ushuru. Kwa jaribio la kwanza si lazima. Swichi ndogo za namna hiyohiyo hupatikana ndani ya mlango wa tanuri dogo la umeme lililokufa, na ndani ya puku za kompyuta zilizotupwa. Fito ya chuma hukatwa kwa fundi baiskeli. Wenzo wa namna hiyo hautakuwa na ulaini wa Sanwa, ila utaonyesha kama mpango wa vitufe unafaa kabla ya fedha kutoka. Kinachochomolewa kwenye tanuri hilo ni swichi ya mlango tu. Chombo kiwe kimetolewa kwenye umeme siku nyingi, na sehemu zake nyingine zisiguswe kabisa, kwa sababu akiba ya umeme iliyomo ndani yake huweza kuua.

Jeraha nalo halikai mahali pamoja. Mkono hupata nguvu, au huishiwa nayo. Kisigino kilichobonyeza vizuri mwezi wa kwanza huvimba mwezi wa tatu. Kwa hiyo nyaya za ndani huachwa ndefu kuliko haja na kufungwa kitanzi, viungo vya swichi huwa vya kuchomeka badala ya kulehemiwa, na bamba la juu hufungwa kwa skrubu bila gundi. Matundu mawili au matatu ya ziada hutobolewa tangu mwanzo na kuzibwa kwa vifuniko, ili kitufe kiweze kuhamishwa jioni moja, kwa bisibisi tu, mara mwenyewe atakaposema kwamba pale kilipo hapamfai tena.